Bonde la Katikati

Jumapili moja, saa kumi alasiri, mtu mmoja aitwaye Kibwana alimcheka mkewe mbele ya wageni. Mkewe, Sikudhani, alikuwa mshonaji mzuri, ila macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Alikuwa amesema kwamba anataka kuwafundisha wasichana wa mtaani kushona. Kibwana akaangua kicheko. "Tundu la sindano hulioni, kutia uzi mpaka uniite mimi. Utamfundisha nani, Mama Hidaya?" Wageni nao wakacheka. Sikudhani akakusanya vikombe, akaingia navyo ndani.

Watu hawa walikuwa na kitanda cha mbao walichoanzia nacho maisha. Chaga zake, zile mbao nyembamba zinazobeba godoro, zilikuwa zimepangwa mbali mbali, na za katikati zilikuwa zimepinda. Godoro likafanya bonde. Kila walipogombana walilala ukingoni, huyu upande huu na yule upande ule, wamepeana migongo. Na kila mara, usingizi ulipowalegeza, bonde liliwavuta. Waliamka wamegusana, na ugomvi ukahesabiwa umekwisha. Ndiyo maana katika ndoa yao nzima hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake radhi. Kitanda kiliwasemea.

Siku hiyo, wageni walipoondoka, Sikudhani alijitupa kitandani alie. Chaga ya katikati ikakatika.

Kibwana akaleta mbao zilizobaki walipoezeka jiko. Wakainua godoro, wakaliegemeza ukutani. Akalaza boriti chini ya chaga, kutoka kichwani hadi miguuni, akaipigia mguu katikati ili uzito ushuke sakafuni. Mke alishika, mume akapigilia. Wakaondoa chaga zilizopinda, wakaweka mpya, wakazisogeza zote karibu karibu, kiasi kwamba mkono haukuweza kupita baina yake. Kazi nzima ilikuwa na maneno mawili tu: "shika" na "sogeza." Walipolirudisha godoro, lililala sawa kama meza.

Usiku wakalala ukingoni kama kawaida yao. Sikudhani akasubiri. Hakujua anasubiri nini, mpaka alipotambua kwamba mwili wake uko palepale alipouweka. Hakuna kilichomvuta. Kati yao palikuwa na nafasi pana, tambarare, na akaingiwa na hofu kwamba wataweza kulala hivyo hadi uzeeni, kila mtu mahali pake, bila mmoja wao kuanguka upande wa mwenzake. Akadhani wameharibu walichokuwa wakitengeneza. Kisha akamsikia mumewe akikohoa.

"Mama Hidaya, leo kitanda hakinisaidii. Nilikosea kukucheka. Nisamehe."

Neno hilo lilikuwa geni kinywani mwake, likatoka kwa kukwaruza. Sikudhani akasogea. Haikuwa mbali, lakini alikwenda mwenyewe, juu ya mbao zilizonyooka.

Ndugu zangu, wengi wetu tunaishi pamoja kwa sababu ya bonde fulani. Kwa mwingine ni shida, kwa mwingine ni mazoea, kwa mwingine ni macho ya majirani. Tunaviringika hadi kwa wenzetu, na kuviringika huko tunakuita upendo. Siku bonde lako litakaponyooshwa, utasogea?

Asubuhi iliyofuata Sikudhani aliipasua ile chaga iliyokatika, akaitia jikoni, akachemshia chai. Kisha akatoa cherehani barazani, mahali wapitapo watu, akakaa, akamwita mumewe kwa sauti aje amtilie uzi.