Kiapo cha Bingwa Guleid

Wahenga hawakuwa wajinga waliposema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kikijikwaa kwenye jiwe utaruka kwa mguu mmoja, utasonya, utamwita mama yako hata kama alikufa zamani, kisha utafunga kitambaa na kuendelea na safari. Ulimi ukijikwaa hakuna kitambaa. Anayebisha na asikilize yaliyompata Guleid wa Isiolo, mwanamume ambaye hakuna konde lililowahi kumwangusha.

Guleid alikuwa mjukuu wa mmoja wa askari wa Kisomali waliopewa makao Isiolo baada ya kumpigania Mwingereza. Alikuwa na lori la kusafirisha mifugo kutoka Garbatulla, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa ndondi. Miaka ya mwanzo ya sabini alimshinda kila aliyepanda naye ulingoni, kuanzia Meru hadi Nairobi. Mwalimu wake, Mturkana mpole aitwaye Lokorio, aliyejifunza mchezo huo jeshini, alizoea kusema kwamba mikono ya Guleid haina kasoro. Kilichomtia wasiwasi kilikuwa mdomo.

Mwaka wa sabini na nne Guleid alirudi kutoka pambano moja la Nakuru akiwa ameshinda, lakini uso umevimba hadi binti yake mdogo akamkimbia akidhani ni mgeni. Istar, mkewe, alimkanda kwa maji ya chumvi. Alipomaliza alikaa chini, akamwambia, "Mimi sikuolewa nikae mlangoni nikingoja kuletewa maiti. Acha, Guleid." Guleid alimpenda mke huyu kuliko ubingwa wenyewe, na kusema kweli alikuwa amechoka. Akaacha. Mambo yangeishia hapo, na leo tusingekuwa na hadithi, lau angejua kunyamaza.

Siku iliyofuata alikuwa katika mkahawa wa rafiki yake Abshir, akinywa chai ya maziwa ya ngamia pamoja na Lokorio na wazee kadhaa. Abshir alikuwa mcheshi, mtu wa kumtia mwenzake kidole jichoni kisha akamuuliza kwa nini analia.

"Warya, bwana, bondia ni kama mla miraa," Abshir alisema. "Leo anaapa ameacha, kesho unamkuta shavu imejaa."

Mkahawa mzima ukacheka. Guleid hakucheka. Alisimama, akagonga meza kwa ile ngumi iliyojulikana nchi nzima.

"Nyinyi wote sikieni. Siku nitapanda ulingoni kupigana tena, Istar ameachika. Talaka tatu."

Kicheko kilikatika ghafla. Mzee mmoja aliomba msamaha wa Mungu kwa sauti ya chini. Abshir mwenyewe alibaki birika limeinama mkononi mwake na chai inamwagika mezani. Lokorio alikuwa Mkristo na mambo ya talaka tatu hayakuwa ya dini yake, lakini alikuwa ameishi na Waislamu miaka mingi kiasi cha kujua kwamba neno lile halichezewi.

Istar alizipata habari hizo sokoni, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akimpimia vitunguu. Alirudi nyumbani bila vitunguu.

"Uliniweka rehani kwa kikombe cha chai?" alimuuliza mumewe.

"Ni kwa ajili yako," Guleid alijibu. "Sasa siwezi kurudi hata nikitaka. Si ndiyo ulitaka?"

"Nilitaka neno lako tu. Hukuwa na haja ya kunitundika mimi juu yake."

Miaka ikapita na kiapo kikalala. Lori likawa mawili. Mabinti wakakua. Kitambi kikaanza kujitokeza, na watoto wa mtaani wakawa wanaambiwa tu kwamba yule baba mwenye ndevu nyekundu za hina hakuwahi kushindwa. Maisha yalikuwa matamu, na aliyelala usimwamshe.

Aliyemwamsha alikuwa kijana wa jeshi kutoka kambi ya Nanyuki, Lowoi, bingwa mpya wa mwaka wa themanini na moja. Kijana huyo alihojiwa redioni, akasema kwamba mzee wa Isiolo hakustaafu bali alikimbia. Maneno hayo yalifika mjini kabla ya kipindi kwisha. Jioni hiyo Guleid hakuweza kupita mtaani bila kusimamishwa. Wengine walimwambia arudi amfunge kijana mdomo. Wengine walimwambia atulie, heshima yake imo tayari ndani ya kabati la vikombe na haiozi. Abshir hakuwa upande wa utulivu.

"Walaal, ndugu yangu, sisi yote ametukanwa hapa."

"Na kiapo?" Guleid aliuliza.

"Kiapo ina kafara. Lisha maskini kumi, imekwisha. Mtoto wa madrasa anajua hiyo."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Ni kweli kwamba aliyeapa kwa jina la Mungu akavunja kiapo hulisha maskini kumi. Lakini kumtundikia mke talaka ni jambo jingine, nalo lina mlango wake wa kuulizia. Guleid alijua mlango huo ulipo. Ulikuwa nyumbani kwa Sheikh Dullo, karibu na msikiti, na angeweza kutembea hadi huko kabla chai haijapoa. Hakwenda. Aliogopa jibu, na mtu anayeogopa jibu huona afadhali asiulize.

Badala yake alichinja mbuzi, akalisha maskini wengi kupita hao kumi, na mji ukamsifu kwa ukarimu. Istar alipomuuliza kama sheikh amekubali, alimtazama usoni akasema, "Nimemuuliza. Amesema kafara inatosha." Lokorio alipomuuliza vilevile, alipewa jibu hilohilo. Mara ya kwanza ulimi ulijikwaa kwa hasira. Mara hii uliruka wenyewe shimoni.

Istar aliamini. Mwanamke ambaye hajawahi kudanganywa na mumewe ataanzia wapi kushuku? Hakufurahi, lakini alimfungia nguo zake kwenye begi, akamsomea dua mlangoni.

Pambano lilifanyika Nanyuki Jumamosi jioni. Watu wa Isiolo waliojaza ukumbi walishika vichwa, maana katika raundi ya kwanza Lowoi alimchezea bingwa wao kama paka amchezeavyo panya. Lokorio alimpa maji, akamnong'oneza, "Miguu yako imezoea klachi ya lori, wacha kumfuata. Ngoja akuje." Raundi ya pili kijana akaja. Guleid aliinama, akamwachia konde moja la kushoto kwenye ubavu, na Lowoi akapiga magoti asiweze kuinuka hata mwamuzi alipomaliza kuhesabu. Ukumbi ukalipuka. Bingwa asiyeshindwa alikuwa bado hajashindwa.

Jumapili mchana lori la Guleid liliingia Isiolo likipiga honi, watu wamejaa nyuma wakiimba, Abshir juu ya kichwa cha lori akipunga fulana. Guleid aliruka chini mbele ya nyumba yake, kifua mbele, akamwita mkewe.

Istar alitoka. Alikuwa amejifunika buibui na shela, uso wote, kama mwanamke anavyojifunika mbele ya mwanamume asiyemhusu. Nyimbo zilikatika moja baada ya nyingine.

Guleid alicheka kidogo. "Istar, unajifunikia nani? Ni mimi."

"Usiingie ndani," Istar alisema.

Nyuma yake, kwenye kivuli cha baraza, alikuwa ameketi Sheikh Dullo. Mzee huyo alikuwa ameondoka mjini kabla mbuzi wa kafara hajachinjwa, na majuma yote ya maandalizi alikuwa Kinna akipatanisha ugomvi wa malisho. Alirudi Jumamosi alasiri, akakuta mji umehamia Nanyuki, akauliza sababu, akaja moja kwa moja kwa Istar.

"Guleid, salaam aleikum," sheikh alisema bila kuinuka. "Nimeambiwa mimi ndiye nilikupa ruhusa. Ulikuja kwangu lini?"

Guleid alitazama chini, kwenye ndara zake.

"Nilikimbia posta nikupigie simu," Istar alisema. "Ilikuwa imefungwa. Nikatafuta gari, magari yote yameenda kwa ngumi yako. Nikakaa hapa, Guleid. Nikasikia kwa redio ukipanda ulingoni. Watu wanashangilia, na mimi naachwa."

"Nilikuwa nimetoa kafara," Guleid alisema.

"Kafara ni ya kiapo," sheikh alijibu taratibu. "Wewe ulitamka talaka tatu, ukaiwekea sharti, na sharti umelitimiza mwenyewe mbele ya watu. Mimi sina mkono wa kuirudisha. Natamani ningekuwa nao."

Abshir alikuwa ameshuka kimyakimya kutoka juu ya lori. Lokorio alisimama kando ameshika begi lenye glavu.

"Istar," Guleid alisema, "wewe unataka hii?"

"Sitaki," alijibu, sasa akilia waziwazi. "Nakupenda hata leo. Lakini siwezi kulala na wewe kwa haramu kwa sababu wewe ni bingwa. Eda nitakaa hapa na watoto, ndiyo sheria. Wewe ndiye wa kutoka."

Mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtoa ulingoni aligeuka atoke uani mwake mwenyewe. Macho yalikuwa yamejaa machozi, hakuliona jiwe la kizingiti. Alijikwaa, ukucha wa kidole gumba ukang'oka, damu ikachirizika juu ya ndara. Lokorio alipiga magoti vumbini, akachana kitambaa alichozoea kumfutia jasho, akamfunga kidole pale pale.

"Hii itapona," Lokorio alisema.

Na kweli kilipona upesi, Guleid akiwa bado analala ndani ya lori. Eda ilipokwisha, kaka zake Istar walikuja kutoka Garbatulla wakampakia yeye, mabinti na masanduku. Guleid alisimama ng'ambo ya barabara kwa miguu yake miwili mizima, mshindi wa mapambano yote, akalitazama gari hadi vumbi likatua. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.