Tembo na Magunia ya Maafa

Paukwa!

Pakawa!

Upepo ukavuma!

Ukavuma wapi?

Ukavuma msituni, vuuu! Ukavuma mashambani, vuuu! Ulipotulia, shamba la karanga la Mama Pimbi lilikuwa tope tupu.

Mama Pimbi alikuwa mnyama mdogo wa kukaa mawe­ni, mwenye watoto wanne. Akalitazama lile tope. Karanga zile ndizo zilikuwa chakula chao cha mwaka mzima.

Serikali ya msituni ikatangaza: kila aliyeharibikiwa shamba au miti atapewa magunia ya mahindi, kadiri ya hasara yake. Mama Pimbi akaenda kwa karani. Lo! Jina lake halimo, na shamba lake limeandikwa la Tembo!

Tembo alikuwa mkata magogo, mwenye msitu mkubwa kule bondeni. Upepo haukumwangushia hata mti mmoja. Lakini alitangulia kujiandikisha kwamba miti yake yote imeanguka na shamba la karanga ni lake, na karani aliuogopa mkonga wake.

"Mzee Tembo," Mama Pimbi akasema, "shamba lile ni langu. Wanangu watakula nini?"

"Wale mawe!" Tembo akacheka, he he he, tumbo likatikisika.

Mama Pimbi akalia njia nzima. Alipofika nyumbani akajifuta machozi, akafikiri. Asubuhi akarudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja tena?"

"Nimekuja kukutahadharisha tu, jirani yangu. Kesho anakuja Bwana Korongo, mkaguzi wa serikali. Anahesabu miti iliyoanguka. Yako naona imesimama yote."

Tembo akaacha kucheka. "Sasa nifanyeje?"

"Mimi mdogo, mzee, mambo makubwa siyajui. Ila mkaguzi anahesabu iliyolala."

Tembo akaenda mbio, Mama Pimbi nyuma yake. Akasukuma mti, kraa, puu! Akasukuma mwingine, kraa, puu!

"Na huu mti mchanga?" Tembo akauliza.

"Nao mti, mzee."

Kraa, puu! Mpaka jua linazama, msitu wote ulikuwa chini.

Kesho yake Korongo akaja, hatua ndefu, taratibu, taratibu. Akainama, akachuma jani.

"Mzee Tembo, upepo ulivuma mwezi uliopita. Mbona majani haya mabichi?"

Tembo akayakanyaga majani, ayafiche.

"Na hizi alama za pembe kwenye magome? Nani ameiangusha miti hii?"

Tembo akatazama juu, akatazama chini. "Mimi," akasema, kwa sauti ya mbu.

Korongo akafungua daftari, akafuta jina la Tembo. "Na shamba lile la karanga, ni la nani?"

"Langu, mheshimiwa," Mama Pimbi aliyesimama kando akadakia. "Bibi yangu ndiye aliyelifyeka."

"Eti, Mzee Tembo?"

"Lake," Tembo akanong'ona.

Mama Pimbi akapewa magunia sita, na Tembo akaamriwa kuyabeba mpaka mawe­ni. Jioni ile watoto wanne walikula ugali wakashiba, wakalala. Tembo akabaki na msitu uliolala, miti yake mingi ikiwa michanga isiyotoa hata ubao mmoja.

Ngano yangu nimeitua hapo. Aliyechoka kusikiliza aibebe.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkinyang'anywa haki yenu, kaeni kimya, msimsumbue mkubwa, msubiri serikali iwakumbuke yenyewe. Hivyo ndivyo alivyofanya Mama Pimbi, au siyo?