Mbu Kumi kwa Kila Dirisha

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa ndoo na kitambaa.

Vya nani?

Vya mpangusa vioo. Haya, sogeeni karibu, na mwenye njugu agawe, maana hadithi kavu hukwama kooni.

Hapo zamani, kando ya mto, Bwana Kiboko alijenga nyumba ya madirisha arobaini, yote ya vioo. Fundi alimwambia ishirini yatosha, lakini Kiboko alikuwa halipendi neno "yatosha". Alikuwa na sheria yake moja: "Ninachotoa nakata nusu. Ninachopata nazidisha mara mbili." Ukimpa shikamoo, anadai ya pili, na marahaba yake anaikata katikati, "Mara..." basi, keshapita.

Juu kabisa, nyuma ya fremu ya dirisha la arobaini, alikaa Bi Mjusi. Watu humwita kafiri, na wanamwonea bure, kwani huyu hakupanda ukuta hata siku moja bila bismillahi. Mvua kubwa ilimkuta njiani akiwa mja mzito, akajikinga pale pale, akataga mayai mawili meupe, madogo kama punje za mbaazi. Hakupiga hodi. Kosa lake alilijua, na kila alfajiri aliliungama kwa Mola wake. Lakini yai la mjusi likishagandia ukuta halihamishiki, ukilibandua linapasuka. Na mayai yale yalikuwa na siku sitini mbele yao.

Mvua ilipokatika, ndi, ndi, ndi, akaja Bwana Kiboko na fagio.

"Kesho nafagia kuta zote," akatangaza. "Asiye na kazi ukutani kwangu, chini."

Bi Mjusi akawaangalia wanawe ndani ya maganda yao. Kisha akaviangalia vioo vya nyumba ile. Vilikuwa na vumbi hata jua lenyewe lilikuwa linapapasa kuingia. Akashuka mbio hadi kwa Chura, shoga yake, aliyekuwa akisugua masufuria ya Kiboko.

"Shoga, nataka kumwomba kazi ya kupangusa madirisha. Nimtajie bei gani?"

Chura akacheka, kroo, kroo. "Mwenzangu, mimi nilimwambia ukweli. Nilisema nitasugua siku kumi kwa bakuli moja la ukoko. Nikatoka na siku ishirini na nusu bakuli. Ukweli wako mtajie Mungu. Kiboko mtajie bei."

Bi Mjusi akaupanda ukuta polepole, akihesabu kwa vidole vyake vya kunata. Alipofika mwisho wa vidole, akarudia tena. Kisha akaenda.

"Hodi, Bwana Kiboko. Shikamoo. Shikamoo tena."

"Mara... Unataka nini?"

"Mto uko hapo nje, Bwana, na wewe huuoni. Nitakupangusia vioo."

"Bei?"

"Mbu kumi kwa kila dirisha. Na kazi nitaifanya siku thelathini."

"Mbu wa nyumba hii ni wangu," akasema Kiboko. "Nimewalisha kwa damu yangu mwenyewe. Watano."

"Bwana, watano hawashibishi."

"Watano. Na hizo siku zako thelathini ziwe sitini."

Bi Mjusi alikuwa amejitayarisha kulia machozi ya uongo, ili Kiboko aone amemshinda. Lakini aliposikia sitini, yalimtoka ya kweli.

"Lia tu," akasema Kiboko, amefurahi. "Tumeshapatana."

Basi kazi ikaanza. Maji ya ndimu, kipande cha gazeti kuukuu, kwichi, kwichi. Akimaliza kioo, mbu watano. Akimaliza kingine, mbu watano. Na huku anaimba kwa sauti ndogo:

Kwichi, kwichi, vumbi litoke,
Wanangu wawili wasitetereke.
Kwichi, kwichi, jua liingie,
Mola wa wadogo atuangalie.

Nitasema na kasoro yake, maana nisipoisema nitakuwa nimemsifu kupita kiasi. Dirisha la arobaini alilipangusa mara nyingi kuliko mengine yote, na la kumi na saba aliliruka siku mbili. Mama ni mama.

Na wale mbu waliobaki? Nziii, kwenye sikio la Kiboko. Paa, anajipiga kofi. Nziii, sikio la pili. Paa.

"Bwana, nikupunguzie hao?"

"Tulisema watano," akajibu Kiboko, masikio yamevimba kama maandazi.

Siku ya sitini, asubuhi, tiki, tiki, maganda yakapasuka. Wakatoka watoto wawili, wembamba, ngozi yao nyepesi hata moyo unauona ukidunda ndani. Bi Mjusi hajamaliza kuwalamba, akasikia ndi, ndi, ndi. Kiboko na fagio lake, amekuja kumaliza mkataba.

Kiboko akasogeza uso kwenye dirisha. Kioo kilikuwa safi, hakikuficha kitu. Upande huu Kiboko, upande ule watoto. Pumzi yake ikatia ukungu, na mtoto mmoja, hajafunzwa na mtu, akapenya ufa wa fremu, akapitisha mkia wake, kwichi, akaupangusa.

"Nani hawa?"

Bi Mjusi angeweza kusema ni wageni. Angeweza kusema ni nzi. Lakini moyo ulikuwa umeshamlemea.

"Ni wanangu, Bwana. Nilitaga kwako bila hodi. Na bei ile ilikuwa mtego. Nilihitaji siku sitini, nikakutajia thelathini. Nimekudanganya mara moja. Nisamehe."

Kiboko akavimba. Fagio likapanda juu. Kisha likasimama.

"Umesema mara ngapi?"

"Moja tu, Bwana."

"Na mimi nikipewa moja?"

"Unazidisha."

"Basi mara mbili. Nidanganye tena."

Bi Mjusi akahesabu upesi kwa vidole. "Kama ni amri yako, Bwana. Wanangu watabaki hapa wapanguse vioo. Mwaka mmoja."

"Miwili."

"Kwa mbu kumi kila dirisha."

"Watano," akasema Kiboko, akageuka, ndi, ndi, anajikuna sikio. Alipofika mlangoni akasimama. Akasema bila kutazama nyuma:

"Hao wadogo, wape sita."

Nusu ya kumi ni tano, hata mimi niliyeishia darasa la nne nalijua hilo. Huyo mbu wa sita alitoka wapi, nimeuliza miaka yote, sijapata wa kunijibu.

Funzo ni hili, watoto: semeni kweli tangu mwanzo, msizunguke kwenye bei, na msitage mayai katika nyumba ya mtu. Bi Mjusi hakushika hata moja, na ndiyo maana, maskini, mpaka leo anateseka kule juu na wajukuu zake.

Hadithi yangu nimeipangusa. Mkiona alama ya kidole imebaki, ni yangu, msimlaumu Mjusi.