Somo wa Mtoto wa Sihaba

Anayetaka kutema mate ateme sasa, maana hadithi hii inanuka. Niliiona yote kwa macho yangu haya mawili, tena kwa karibu, hadi nikakosa hamu ya chakula. Shule niliiacha darasa la tano, mwalimu akasema hana la kuniongezea. Kwa hiyo msinidai maneno ya vitabuni. Nidaini ukweli.

Ilikuwa kambi ya mkonge, enzi nikifunga marobota. Anayeujua mkonge anaijua korona, ile mashine inayokamua majani yake. Nyuzi huenda kuanikwa, maji na makapi huenda mferejini, yakalala humo yakioza na kufura povu la kijani. Mgeni akifika kambini huziba pua. Mwenyeji hazibi. Ndiyo maana mwenyeji akizibiwa pua na mwenyeji mwenzake, humuuma kuliko tusi la mama.

Kambini hapo walikuwepo watu wanne wenye vipaji.

Mwantumu alikuwa na jicho. Angekaa kizingitini mwake akakwambia mbuzi wa nyumba ya mwisho ana kupe sikio gani.

Bi Kidawa, muuza vitumbua, alikuwa na mdomo. Msimamizi mmoja aligombana naye asubuhi, jioni akaomba uhamisho.

Mihambo, msafisha mfereji, hakuwa na kinyaa. Alikula kiporo chake ukingoni mwa lile povu, miguu ikining'inia ndani.

Wa nne alikuwa na mikono. Huyo namweka mwisho, maana nikimtaja sasa mtatema mate mpaka koo likauke.

Na katikati yao alikuwa Sihaba, mke wa Mbaraka mkata mkonge, na mimba yake ya kwanza.

Mimba ilipoingia mwezi wa tano, Sihaba aliona mambo asiyoyaelewa kwenye nguo zake za ndani. Akaoga asubuhi, akaoga mchana, akaoga jioni. Hayakuisha. Akaenda zahanati, akakaa kwenye benchi na wenzake wa kambini, akiyapanga maneno moyoni: nitaanza na salamu, halafu nitamnong'oneza.

Nesi Nakijwa akamwita dirishani. Sihaba akanong'ona.

"Sema kwa sauti," nesi akasema. "Mimi si mganga wa kunong'onezwa."

"Natokwa na uchafu, dada. Unawasha. Na unanuka."

"Unanuka? Kwani wewe huoga lini?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mimi nilikuwa mwisho wa benchi, na kidole kilichochomwa na mwiba wa mkonge. Sikucheka, kidole kilikuwa kinauma. Sihaba aligeuka akatoka, hakungoja dawa wala kuaga. Mgongoni alisikia mtu akisema hata korona ina afadhali.

Maneno yale yalifika bombani kabla yake. Kesho yake alipokwenda na ndoo, wanawake wawili walijipepea pua kwa ncha za kanga zao, wakatazamana. Tangu hapo Sihaba alijinusa kila mahali. Alijinusa kwenye mto, kwenye unga, kwenye shati la mumewe lililotoka kuanikwa. Akajiapiza: zahanati ile hatakanyaga tena. Mtoto atakuja mwenyewe siku yake.

Mtoto hakuja mwenyewe. Mwezi wa nane kilikuja kichwa cha kuuma. Kilimkaa nyuma ya macho kama msumari. Halafu vikaja vimulimuli mchana kweupe, vikicheza ukutani. Chini ya mbavu pakawa panakaza. Sihaba alifunga kitambaa kipajini, akamwambia Mbaraka ni jua. Alilala akiwaza: nikienda atasema nini safari hii, na benchi litacheka vipi.

Sasa lione jicho. Mwantumu alikuwa dada yake Mbaraka, na wifi kwa wifi hawaachi kuchokozana.

"Wifi," akasema mlangoni, "kandambili za kaka yangu umezirithi naye yu hai?"

"Zangu zimekatika."

"Zote mbili? Kwa mpigo?"

"Mwantumu, nina kazi."

"Naiona. Sufuria umelibeba kwa viganja, vidole havikunji. Na pete umeizungushia uzi mweusi ili nisione ilivyodidimia kidoleni."

Sihaba akataka kucheka, kichwa kikamkataza. Mwantumu akapiga magoti, akambonyeza ugoko kwa dole gumba. Alipoliondoa, shimo likabaki pale pale, kama kwenye tonge la ugali. Mwantumu akaacha utani.

"Wifi, hii si ya kukaa nayo ndani. Kwetu kuna mtu alianza hivi akaishia kifafa cha mimba."

"Siendi kunuswa."

"Wifi..."

"Nimesema siendi. Niondolee macho yako."

Mwantumu alijua kuona, hakujua kusema. Akaufuata mdomo.

Sasa usikie mdomo. Bi Kidawa alikuja na kibao cha mbuzi, akakaa mlangoni kwa Sihaba, uso kauelekeza bombani ambako foleni ya ndoo ilikuwa imefika barabarani. Mimi nilikuwa foleni, na ndoo ya jirani. Hakumwambia Sihaba neno. Akaanza kusimulia kwa sauti ya kuuzia vitumbua.

"Mimi Kidawa, mimba ya Shaibu, nilikuwa natokwa na kitu kama maziwa yaliyoganda. Kinawasha, najikuna kwa mwiko. Mwiko ule ule nikarudi nao jikoni, na nyinyi mkala ubwabwa."

Mtu mmoja akatema mate.

"Tema vizuri, mama Rukia. Nani alikuja kwangu alfajiri hawezi kukaa, ana vipele mahali asipopataja, kama si wewe? Na wewe unayejificha nyuma ya pipa, nguo zako nani alikufulia ulipochafuka kama mtoto ukiwa na mimba ya pacha? Na wewe bibi wa hereni, yule funza..."

"Bi Kidawa, yatosha," mwenye hereni akasema.

"Hayajatosha, bado sijafika kwa mama mkwe wako."

Foleni ikapukutika, ndoo zikabaki peke yake. Siri alizozimwaga pale alikuwa amekabidhiwa kwa miaka, na kila moja ilikuwa na mwenyewe. Sihaba, ndani, alisikia kinyaa kikimpanda, kisha akasikia jambo ambalo hakulitegemea: kifua chake kimepata nafasi.

"Haya, mwanangu," Bi Kidawa akasema bila kugeuka. "Sasa kambi nzima inanuka. Hakuna aliyebaki na mkono wa kukuzibia pua. Inuka twende."

Sihaba akainuka. Akainuka akatapika, na macho yakaingia ukungu.

Sasa ione pua. Trekta lilikuwa mashambani pamoja na wakataji. Barabara inazunguka mashamba yote kabla ya kufika zahanati. Njia ya mkato ni moja, nayo inavuka mfereji. Wanaume wawili walifika ukingoni, wakalitazama povu, wakakumbuka wana shughuli. Mimi nilikuwa nimeshika mwavuli wa Bi Kidawa, mikono yangu haikuwa na nafasi.

Mihambo akatokea chini, povu kiunoni, akageuza mgongo.

"Mpandisheni."

Akavuka naye. Makapi yalimfika kifuani, yakachuruzika mikononi kama kamasi. Sihaba akatapika tena, safari hii shingoni kwake, yakamteremkia ndani ya shati.

"Nisamehe, kaka. Nanuka."

"Sijui, shemeji. Pua yangu ilistaafu zamani. Tapika tu, shingo si sahani ya mtu."

Hakuharakisha, hakutema mate, hakugeuza uso. Sihaba akalaza shavu kwenye ule uchafu akafumba macho. Tangu mwezi wa tano, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumgusa asijihisi anapimwa harufu.

Na sasa mikono. Mikono, jamaa zangu, ilikuwa ya Nesi Nakijwa. Temeni.

Alipoona ni nani kaletwa, alimvuta kitandani. Akamfunga mkanda wa presha, akaujaza upepo, akasoma, akaujaza tena. Uso ukambadilika. Nilimwona dirishani, maana nilivuka nyuma yao, mwavuli juu. Akainama hadi sikio lake likagusa mdomo wa Sihaba.

"Niambie. Kwa sauti yoyote uliyo nayo."

Sihaba alitamani kumtemea. Lakini tumboni mtoto alijigeuza kidogo, kwa uchovu, naye akasema yote: kichwa, vimulimuli, mbavu, tangu lini. Nesi alimchoma sindano, akasimamisha gari la mkonge lililokuwa likipita, akashusha marobota mengine kwa mikono yake, akapanda naye kwenda hospitali kubwa. Njiani kifafa kikaja. Nesi alimlaza ubavu, akampangusa povu kwa kilemba chake cheupe, akampakata na uchafu wote ukamlowesha gauni. Kifafa kilipomwachia, akamwambia sikioni, "Nisamehe, mwanangu, kwa siku ile."

Hospitali wakamtoa mtoto, msichana mdogo kama kitumbua cha Bi Kidawa, akapiga kelele. Madaktari walisema gari lingechelewa kidogo tu wangezikwa wawili. Na ule uchafu wa mwezi wa tano? Ukapewa dawa, ukaisha. Ulikuwa ugonjwa mdogo ambao wajawazito wengi huupata. Kwa ugonjwa mdogo vile, watu walicheka.

Sihaba akarudi kambini na mtoto asiye na jina. Kwetu pale mtoto hupewa jina la aliyemfaa, na mwenye jina huwa somo wake: humvisha nguo ya kwanza, na maisha yote ana neno katika nyumba ile. Na mama, kila kukicha, atalitamka jina hilo.

Siku ya kumtoa mtoto nje, wote walikuja.

Mwantumu akasema, "Bila jicho langu angekufa akisingizia jua."

Bi Kidawa akasema, "Uliona, ukafanya nini? Mimi nimepoteza wateja. Wanawake wa bombani hawaninunulii hata kimoja tangu siku ile."

Mihambo akakuna shingo. "Mimi jina langu la kiume. Lakini mama yangu aliitwa Nyamizi, na hakuna aliyemrithi."

Hapo akatokea Nesi Nakijwa, amebeba blanketi jipya la mtoto, limekunjwa. Akaliweka mkekani. Hakuomba jina. Alisema tu, "Mimi nimeleta hili," akakaa pembeni, karibu na mlango, mahali anapokaa mtu asiye na uhakika kama atafukuzwa.

"Nguo ya kwanza huletwa na somo," Bi Kidawa akasema. "Huyu ndiye aliyemfanya mwana wa watu aogope dawa. Na leo aitwe kila asubuhi humu ndani?"

"Na ndiye aliyemrudisha," Mwantumu akajibu.

"Kamrudisha kutoka alikomsukuma."

Mbaraka akasema mtoto aitwe majina yote. Mkewe akamtazama tu.

Sihaba alitazama jicho, mdomo, na shingo iliyotapikiwa. Kisha akaitazama ile mikono magotini mwa nesi. Akainamisha pua kwenye utosi wa mwanawe, akanusa. Harufu ya maziwa. Akainua kichwa, akafungua kinywa.

Hapo hapo msimamizi akaniita kwenye marobota.

Kwa hiyo nawaachia nyinyi. Nani awe somo: aliyeona, aliyesema akamwaga siri za watu, aliyebeba, au aliyeponya baada ya kuumiza? Na wewe unayejinusa leo na hujaamua kwenda zahanati, ungependa kumkuta nani kati yao? Je, wewe ungeamua vipi?

Ila kabla hujajibu, kuna jambo moja. Niliapa niliona yote, na yote niliyaona, isipokuwa ndani ya gari na kule hospitali, maana hapakuwa na nafasi yangu. Sindano ni kweli, kilemba ni kweli, blanketi nililishika. Lile neno "nisamehe" nimelitia mimi. Bila hilo hadithi ilikuwa inanikwama kooni. Sihaba hajawahi kulitaja.

Haya, liondoeni hilo neno, halafu amueni tena.