Mtaala wa Fisi kwa Binti Ngiri

Ukame ulipoingia mwaka wa pili, Mwalimu Kongoni alifuata majani mabichi upande wa kusini, na shule ya wanyama ikabaki uwanja wa vumbi. Ikatangazwa kwamba kila mzazi amfundishe mtoto wake nyumbani.

Ngiri alikuwa na binti mmoja, Kijino. Mkewe alikuwa amekufa miezi minne iliyopita, na marehemu ndiye aliyekuwa mwalimu wa nyumba. Alimfundisha mtoto kuchimba mizizi, kunusa maji na kukumbuka njia ya kurudi shimoni. Masomo ya utotoni aliyamaliza. Masomo ya umri wa kati, mtoto anapokuwa mkubwa mno kulindwa kila hatua na mdogo mno kuachwa peke yake, hakuwahi kuyaanza. Ngiri alijua jambo moja tu: mtoto wa ngiri akifunzwa vibaya katika umri huo, hafiki utu uzima.

Akaanza kutafuta mtaala. Wa Tumbili ulikuwa wote kurukia matawi. Wa Kobe ulikuwa mzuri, ila ulichukua miaka themanini.

Ndipo Fisi alipofika na kitabu kinene kwapani.

"Pole na msiba, Baba Kijino," alisema. "Marehemu alikuwa wa maana. Nilikuja mazikoni."

"Nilikuona. Ulibaki baada ya wote kuondoka."

"Ndiyo desturi yangu." Fisi alifungua kitabu. "Huu ni Mtaala wa Umri wa Kati. Una masomo, mwongozo wa mzazi na ratiba ya juma. Bure kabisa. Humu mwanafunzi ndiye kitovu. Mimi mwenyewe, tangu asubuhi, sifikirii kitu kingine." Akameza mate.

Kwenye jalada palikuwa na unyayo wa Simba.

"Simba amekisoma?" Ngiri aliuliza.

"Simba hasomi. Simba huidhinisha."

Somo la kwanza liliitwa Kuingia Shimoni Kisasa. Ngiri wote huingia shimoni kinyumenyume, makalio yakitangulia na pembe zikitazama nje. Kitabu kilisema huo ni ushamba. Mwanafunzi wa kisasa hutanguliza kichwa, husimama mlangoni akihesabu hadi kumi, ndipo huvuta miguu ya nyuma.

"Sisi huingia kinyumenyume siku zote," Ngiri alisema.

"Kwa nini?"

Ngiri alifikiri. Mkewe angejua. "Ni mazoea yetu."

"Kumbe hujui," Fisi alisema kwa upole. "Si kosa lako. Ila usikubali mtoto aachwe nyuma na wenzake."

Neno hilo halijawahi kushindwa kumtisha mzazi yeyote. Ngiri akakichukua kitabu.

Masomo yakaanza. Kijino alitumbukiza kichwa shimoni na kuhesabu, mkia ukiwa umesimama nje kama kijiti. Fisi alikaa nyuma yake, akiandika maendeleo.

"Baba," Kijino alisema siku ya tatu, "nikiingia hivi simwoni aliye nyuma yangu."

"Aliye nyuma yako ni mwalimu," baba alijibu.

Siku ya tano alikuja Sungura, jirani yao, ambaye hakuna jambo la wengine lililompita.

"Jirani," alisema, "juzi mwalimu alikaa kwenye kichuguu kile. Jana alikaa kwenye kisiki. Leo alikaa hapa uliposimama, karibu na mlango wa shimo. Kesho atakaa wapi?"

"Kesho ni mtihani."

"Atakuwepo nani?"

"Mtahini peke yake. Mwongozo unasema wazazi tunawatia watoto wasiwasi."

Sungura akanyoosha mkono. "Niazime huo mwongozo."

Akausoma wote, jambo ambalo Ngiri hakulifanya, wala Simba, wala Fisi mwenyewe, aliyenakili nusu yake kutoka vitabu vya zamani vya Kongoni ili uwe mnene. Kisha Sungura akaenda kwa Simba.

"Mtukufu, kesho kitabu chenye unyayo wako kinafanyiwa mtihani. Itapendeza ukiwa mgeni rasmi."

Asubuhi Simba akafika. Alikuwa ameshiba, na ndiyo sababu alikuja kama mgeni rasmi, si kama mgeni wa kawaida. Fisi alipomwona, na Ngiri na Sungura nyuma yake, hamu ya kutahini ilimpungua sana.

Sungura akasoma kwa sauti: "Ukurasa wa arobaini. Kabla ya mtihani, mwalimu ataonyesha mwenyewe, mwanafunzi akitazama."

"Hicho ni kifungu cha hiari," Fisi alisema.

"Kimo ndani ya kitabu changu?" Simba aliuliza.

"Kimo, Mtukufu."

"Basi si cha hiari."

Fisi akatumbukiza kichwa. Mabega yake mapana yakakwama mlangoni. Sauti ikasikika kutoka chini: "Moja. Mbili. Tatu."

Ngiri alisimama nyuma yake. Aliona makalio yote ya Fisi, na Fisi hakuona chochote. Hapo akaelewa kile ambacho mkewe alikijua na hakuwahi kupata nafasi ya kukisema. Akainamisha kichwa, akazielekeza pembe, akatimka mbio.

"Baba," Kijino aliuliza baadaye kidogo, kelele zilipopungua, "hilo limo kwenye mtaala?"

"Sasa limo."

Fisi alijing'oa akakimbia, makalio yakiwa chini, na hajayanyanyua tena. Simba alitamka kwamba tangu mwanzo alikitilia shaka kitabu kile.

Ngiri akamrudisha binti yake mlangoni, akamwonyesha kuingia kinyumenyume, na akamweleza sababu. Na katika mbuga ile, mzazi akiletewa mtaala, haanzi kwa kuuliza nani kauidhinisha. Huuliza aliyeuleta anakula nini.