Mafuta Yaliyopungua Mlimani

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Badrani, aliyejenga jumba lake juu mlimani ili akimbie joto, kisha akashinda kutwa amekumbatia jiko la makaa akiikimbia baridi. Wakubwa wana kazi zao. Huyu naye alikuwa na amri yake: mzigo ukitoka bondeni umejaa, ufike kwake umejaa. Ukipungua hata kidogo, mchukuzi ni mwizi, na punda wake ni wa Sultani. Zizi la jumba lile lilifurika punda, na msidhani alipata kumnunua hata mmoja.

Basi siku hiyo ikawa zamu ya Mwanakheri, mjane wa bondeni. Mama huyu hakuwa na shamba wala mume. Alikuwa na punda mmoja na ulimi. Punda ndiye aliyemlisha yeye na wanawe. Ulimi, majirani walisema, ndio uliowakimbiza wote waliokuja kumposa baada ya marehemu.

Akapakizwa mitungi miwili ya shingo ndefu. Mmoja ulikuwa wa maji ya kisima cha kwao, maana Sultani hanywi kahawa ya maji mengine. Wa pili ulikuwa wa mafuta ya nazi. Yote ilijazwa mchana wa jua kali, hadi mdomoni, ikazibwa kwa nta na kupigwa muhuri wa Sultani.

Huko juu kulikuwa na baridi ya kung'ata. Mihuri ikakaguliwa barazani, ikaonekana mizima. Nta ikabanduliwa. Maji yalikuwa pale pale mdomoni. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe, tena yameshuka shingoni mwa mtungi vidole kadhaa.

"Umekula mafuta yangu," Sultani akasema.

"Maulana, muhuri wako mzima. Nimeyala kupitia wapi?"

"Mwizi mjinga huvunja muhuri. Wewe si mjinga."

"Ahsante, Maulana. Lakini yalijazwa yakiwa na joto, yakajinyoosha. Huku yamepigwa na baridi, yamejikunja. Hata wewe hapo ulipo umejikunja."

Watu wa baraza wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka. Kadhi, mtu wa ndevu nyingi na huruma chache, hakucheka. Akauliza habari za maji. Mitungi imetoka pamoja, imepanda pamoja, imepigwa na baridi ile ile. Mbona maji hayakujikunja?

Mwanakheri akamjibu kwamba baridi haiwapati wote sawasawa. Maji huivumilia, mafuta hayaiwezi. Kadhi akasema tangu azaliwe hajasikia mafuta yenye tabia, na Sultani akaamuru punda apelekwe zizini.

Hapo mama wa watu moyo ulimwuma sana, maana aliiona njaa ya wanawe waziwazi. Lakini hakulia. Akasema punda keshakwenda, basi angalau mzigo ukamilike. Alikuwa na kibuyu cha mafuta yake ya kujipaka, nayo yameganda vilevile. Akaomba ruhusa alijaze lile pengo.

Sultani hakuwahi kukataa cha bure. Mwanakheri akachota kwa kidole, akashindilia hadi mdomoni. Nta mpya ikatiwa, muhuri mpya ukapigwa.

"Sasa, Maulana, uweke karibu yako na usiuondolee macho," akasema. "Nisije nikaambiwa nimeyala tena."

"Usinifundishe kulinda mali yangu," Sultani akajibu, akauvuta mtungi hadi miguuni pake, ubavuni mwa jiko. Mwanakheri akaenda kuketi mlangoni, mikono mapajani, kila mtu akimwona.

Chakula kikaletwa, kikaliwa. Makaa yakachochewa, kahawa ikanywewa. Sultani akawa anasimulia habari za wezi aliowahi kuwakamata, na baraza ikawa inaitikia. Katikati ya hadithi nta ikalegea, ikainuka, ikadondoka. Mafuta yakachungulia mdomoni mwa mtungi, kisha yakaanza kumwagika. Yakateremka, yakaloanisha zulia, yakaingia ndani ya makubadhi ya Sultani.

Sultani akaruka juu, akauliza kwa ukali ni nani aliyeongeza mafuta humo. Hakuna aliyeukaribia mtungi ila yeye mwenyewe. Kadhi akayatazama makaa, akautazama mtungi.

Sultani akamgeukia mjane. "Wewe! Mafuta haya yamezidi vipi?"

"Mimi nipo huku mlangoni, Maulana," Mwanakheri akasema. "Mafuta yalipopungua mikononi mwangu, mwizi nilikuwa mimi. Sasa yamezidi mikononi mwako. Je, umemwibia nani?"