Kwa Nini Mkungani Tunashona Mapaa Pamoja

Endeleeni kushona huku mnanisikiliza. Redio imeshasema kimbunga kimezaliwa huko mashariki, wamekipa jina na kila saa wanatutajia kilipofika, nacho hakitatungoja tumalize porojo. Mnaniuliza kwa nini wavu wa nyumba hii tunaushona na wavu wa nyumba ile, wakati kila mtu ana wavu wake na paa lake. Swali zuri. Ila mikono isisimame.

Wakati ninaousema, kaa mweupe wa mchangani hakuwa na macho haya mnayoyajua. Macho yake yalikuwa yamezama ndani ya gamba, akawa haoni mbali na kila mpita njia alimkanyaga. Na Tufani aliingia Mkungani anapotaka, akatoka anapotaka. Msidhani watu wa siku hizo walikuwa wajinga kwa kuwa hawakuwa na redio. Mawimbi mazito yalipokuja bila upepo, walijua. Ndege wa baharini walipohamia bara, walijua. Hapo kila mwenye nyumba alitandaza wavu wake juu ya paa lake la makuti, akazika pembe zake mchangani kwa mawe makubwa. Kujua kwamba Tufani anakuja hakukuwashinda hata kidogo. Kilichowashinda kilikuwa kujua kwamba ameondoka.

Maana Tufani alikuwa na hila. Alivuma kutoka baharini mpaka minazi ikalala, kisha ghafla akanyamaza. Jua likatoka, kuku wakatoka, na kwenye maji ya ufukweni samaki waliolewa kwa kupigwa na mawimbi wakawa wanaelea, machangu na chewa wa kuchota tu kwa wavu. Nani angevumilia hapo? Aliyewahi kuung'oa wavu wake juu ya paa ndiye aliyewahi samaki. Basi wote waling'oa, wakashuka ufukweni mbio, wanasukumana na kutukanana. Wakiwa majini kiunoni, upepo ukarudi kutoka upande wa bara, ukawasukumia baharini, na mapaa yasiyo na wavu yakawafuata. Waliosalia wakalia, wakazika, kisha wakaambiana kwamba Tufani ana mdogo wake anayemfuata nyuma. Wala haikuwapitia akilini kwamba alikuwa ni huyo huyo mmoja.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Somoe, fundi wa kushona nyavu za kijiji kizima. Mume wake, Hanzuruni, alichukuliwa hivyo hivyo, wavu ukiwa begani. Paa lao liliruka siku hiyo, na Somoe akamlalia mama yake kwa mwili wake mpaka mvua ilipokoma, kwa sababu mama huyo, Bi Mwanamkuu, alikuwa amepooza miguu. Msimu uliofuata, mawimbi yasiyo na upepo yalipoanza kupiga, Bi Mwanamkuu alimwita.

"Mwanangu, safari hii ukiona paa linaondoka, niache. Wewe kimbia."

"Mama, hakuna anayekimbia na hakuna paa linaloondoka," Somoe akajibu. Mdomo ulisema hivyo, lakini moyoni aliogopa sana, kwa kuwa hakujua atafanya nini.

Akashuka ufukweni kufikiri, akamkuta kaa anajaza mchanga mlangoni mwa shimo lake. Pale pale akakumbuka jambo. Akainama.

"Hodi, bwana Kaa."

"Karibu, ila usinikanyage."

"Mwaka jana shwari ilipoingia, mbuzi walitoka, kuku walitoka, na sisi tukatoka. Wewe peke yako ulibaki umejifungia. Ulijua nini?"

"Dada yangu, mimi macho yangu mabovu," kaa akasema, "lakini nalala tumbo kwenye mchanga. Tufani akitembea, mchanga unatetemeka. Akisimama, nasikia kwamba amesimama. Ile si shwari. Pale anakuwa amesimama juu ya vichwa vyenu, amebana pumzi, anawangoja mtoke. Mkishatoka anageuka."

Somoe alikimbia mpaka kwa mkuu wa kijiji, Jumbe Kibindo, akamweleza yote mbele ya wanaume waliokuwa wakivuta mitumbwi kuipeleka kwenye mikoko. Jumbe alicheka mpaka akashika mbavu.

"Haya, jamani! Mwaka huu tunafundishwa na kitoweo!"

Wote wakacheka. Mimi hapo ningemtukana, lakini Somoe hakumtukana mtu. Alirudi nyumbani, akachukua sindano yake ya nyavu na uzi wote aliokuwa nao, akapanda ngazi. Nyavu zilikuwa zimeshatandazwa juu ya mapaa, na nyumba za Mkungani zimesongamana mno, upenu unagusa upenu. Akaushona ukingo wa wavu huu na ukingo wa wavu ule, fundo juu ya fundo, nyumba hadi nyumba. Waliomwona walidhani anaziba matundu, wakamwambia ahsante. Vidole vilichanika, akavifunga kitambaa akaendelea. Alijua kwamba akikosea watamfukuza kijijini, na kumbeba mama yake peke yake mpaka kijiji kingine hawezi. Alishona hata hivyo. Mpaka matone ya kwanza yanaanguka, Mkungani nzima ilikuwa chini ya wavu mmoja.

Tufani akaja. Siwaelezi alivyovuma, mtajionea wenyewe kesho. Kisha akanyamaza, jua likatoka, na milango ikafunguka kwa kishindo. Kila mtu akakamata wavu wake akavuta. Haukuja. Wakavuta kwa nguvu, huyu anavuta kwake na jirani anavuta kwake, wote wanatoa jasho na hakuna kinachosogea. Samaki kule wanaelea! Jumbe Kibindo ndiye aliyegundua mshono, na mshono ule kila mtu aliujua ni wa nani.

"Somoe! Umetufunga!"

"Nimefunga mapaa, Jumbe. Milango iko wazi."

Jumbe alichomoa kisu, na watu wakamsogelea Somoe uani kwake wakimwita mchawi, wakimwita mwendawazimu. Jumbe akashika mshono wa kwanza. Hapo sauti ikatoka ndani ya nyumba, nyembamba lakini kali.

"Kibindo! Ukitaka kukata uzi wa mwanangu, ingia kwanza unitoe nje mimi, maana hilo paa liko juu yangu!"

Jumbe aliona haya. Kisu kilibaki hewani, watu wakaanza kubishana, wengine kata, wengine usikate. Walikuwa bado wanabishana majani ya minazi yalipogeuka yote kwa pamoja na kuelekea baharini. Hakuna aliyeuliza maana yake. Walijitupa ndani ya nyumba zilizokuwa karibu, zao na zisizo zao, wakafunga milango.

Tufani alishuka ufukweni kwa hasira zake zote asikute mtu. Akarudi kijijini, akalishika paa la Jumbe alinyanyue, likamshinda, kwa kuwa lilikuwa limeshikwa na la jirani, na la jirani limeshikwa na la Somoe, na la Somoe na mengine yote. Kijiji kizima kiliinama, kikalia, kikasimama tena. Alijaribu huku, akajaribu kule. Chini ya mchanga kaa alisikia kitu ambacho hajawahi kukisikia tangu azaliwe: Tufani anahema. Hakuamini. Akabomoa mlango wake, akachungulia, akamwona adui wa pwani nzima anajikokota kwenda zake, na kwa furaha akayakodoa macho, akayakodoa zaidi, mpaka yakachomoza nje ya gamba juu ya vijiti viwili na yakakataa kurudi. Akaanza kukimbia ufukweni huku na huku anamwonyesha kila mtu.

Walipomwona kaa nje, watu nao walitoka. Vigelegele vilipigwa mpaka sauti zikakauka. Jumbe Kibindo mwenyewe alishika mguu mmoja wa kitanda, wakambeba Bi Mwanamkuu hadi uani, na Jumbe akampa kile kisu kwa mikono miwili.

"Mama, tunakuomba ruhusa."

"Sasa kateni," akasema, akakata mshono wa kwanza. Samaki walikuwa bado wapo, tele, na siku hiyo kila nyumba ilikula ikashiba, pasipo hata mmoja wa kumlilia.

Na tangu siku hiyo kaa ana macho juu ya vijiti, na Mkungani hatumli. Siku hizi redio ikitangaza, tunasikiliza, na simu tunazitazama, lakini tangu siku hiyo hakuna anayegusa uzi mpaka kaa atoke, na mkongwe kuliko wote ndiye anayekata wa kwanza. Tufani naye hajaacha mazoea yake. Akifika katikati bado hunyamaza, anabana pumzi, anangoja mtu atoke. Nasi tumo ndani, tumekaa na wazee wetu, tunamsikia anavyongoja.